Kuacha Nusu

Kazi yangu ni kuandika kuhusu baridi ya watu wengine. Nalipwa kwa neno. Ajensi hunitumia mada Jumatatu, na kufikia Alhamisi narudisha makala yatakayosomwa na mtu aliye Leeds au Birmingham, anayejiuliza kwa nini rediata ya chumbani haipati moto. Kwa miaka miwili nimejua mengi kuhusu boila kuliko nilivyojua kuhusu chochote chuoni kabla sijaacha masomo. Najua kwa nini boila hupiga kelele kama birika, na sijawahi kugusa hata moja. Hapa Roysambu, katika bedsita yangu, chombo pekee cha kupasha maji ni shawa ya stima ambayo mwezi wa saba huamua yenyewe kama leo itafanya kazi.

Kati ya mada zote nilizowahi kupewa, moja ilikataa kutoka kichwani: je, mwenye nyumba aunganishe pampu ya joto na boila ya gesi aliyo nayo tayari, au aing'oe boila abaki na pampu peke yake? Kwa ajensi, hilo ni swali la fundi na bei. Maneno 1,200, vichwa vidogo vitano, kwisha. Lakini kadiri nilivyoliandika ndivyo nilivyoona kwamba chini yake kuna swali lingine, la zamani kuliko gesi. Ukijua kwamba jambo unalolifanya linaumiza wengine, na njia bora iko, je, ni haki kuliacha nusu?

Acha nieleze mashine kwanza, maana bila mashine maadili haya yatabaki hewani.

Boila ni kitu rahisi. Inachoma gesi, inapasha maji, maji yanazunguka kwenye mabomba hadi kwenye rediata, nyumba inapata joto. Pampu ya joto haichomi chochote. Weka mkono nyuma ya friji. Lile joto unalolisikia lilitoka ndani, kwenye maziwa na mboga za jana. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Inachukua joto kwenye hewa ya nje na kulileta ndani. Hata hewa ya nyuzi sifuri ina joto, kwa sababu ile gesi ya friji inayozunguka kwenye mashine huchemka katika baridi ambayo ingegandisha maji. Ikishachemka, kompresa inaikandamiza, inapata moto kabisa, halafu inaukabidhi moto huo kwa maji ya nyumba. Kwa uniti moja ya stima unayolipia, unaweza kupata uniti tatu za joto, na siku nzuri hata nne. Zile za ziada zimetoka nje, bure.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Mwanasayansi Kelvin aliliwaza wazo hili mwaka 1852. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ukumbi wa mji wa Zurich ulikuwa tayari unapashwa joto kwa pampu iliyovuta joto kutoka mto Limmat. Kwa hivyo usidhani tunangoja teknolojia ije. Ilikuja, ikakaa kwenye benchi, ikangoja tuiite.

Shida iko kwenye nyumba. Pampu hupenda kupasha maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 50 hivi. Nyumba nyingi kuukuu za Uingereza zina rediata ndogo zilizowekwa zikitegemea maji ya nyuzi 70. Kuta zinavuja joto, madirisha yanapitisha upepo. Ukiidai pampu maji ya moto sana siku ambayo nje kuna barafu, inakuwa kama mkokoteni unaopanda mlima na magunia kumi: utafika, lakini jasho lake ni bei ya stima. Ndipo lilipokuja wazo la mseto. Unaweka pampu, unaiacha boila ukutani. Siku za kawaida pampu inafanya kazi. Siku ya baridi kali boila inaamka. Katikati yao kuna kidhibiti, kidude kidogo chenye skrini, kinachoamua sasa ni zamu ya nani. Kikumbuke hicho kidude. Nitakirudia.

Sasa, kuna watu ambao hawataki kabisa kusikia habari ya mseto, na hoja zao zina uzito. Waswahili walishazisema kabla yao: mshika mbili moja humponyoka, njia mbili zilimshinda fisi. Mwenye mashine mbili analipa fundi mara mbili. Bado analipa ada ya kila siku ya kuunganishwa na gesi, hata siku ambazo hakuwasha. Serikali ya Uingereza yenyewe iko upande huu: ruzuku ya pauni 7,500 inayotolewa kwa anayeweka pampu ya joto Uingereza na Wales haimfikii anayebakisha boila ya gesi. Ukiacha, acha.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna hoja ya maadili, na hii ndiyo iliyonichoma. Mtu anayeondoka huku ameshika tiketi ya kurudi, ameondoka kweli? Sisi tuna jina la mtu anayesema ameokoka kwenye ndoa yake na bado nambari fulani iko kwenye simu, imehifadhiwa kama "Fundi wa Mabomba". Tunamwita mwenye mpango wa kando. Boila iliyobaki kabatini, wanasema wapinzani wa mseto, ni mpango wa kando. Leo utasema ni ya dharura tu. Kesho dharura itakuwa Jumanne ya kawaida yenye mawingu. Binadamu akiachiwa mlango wazi hupita, na kila akipita atakuwa na sababu.

Nilipokuwa nasoma hoja hizo nilikuwa naitikia kwa kichwa. Halafu nikaongea na Anti.

Anti yangu, dadake baba, anatunza wazee huko Yorkshire. Huniita Baba, maana mimi ndiye niliyepewa jina la babake, na hata akinikemea hunikemea kwa heshima. Mmoja wa wazee wake ana zaidi ya miaka 80, anaishi peke yake katika nyumba ya matofali iliyojengwa kabla hajazaliwa. Nilimtumia Anti ujumbe wa sauti nikimweleza hoja ya mpango wa kando. Nilijiona nimesema. Alinijibu akiwa kwenye basi, nasikia mvua.

"Baba, hiyo falsafa yako ilete hapa saa kumi na moja asubuhi, Januari. Uje nayo chumbani kwa huyu mzee, umguse miguu, halafu unieleze tena hiyo maneno ya kuacha kabisa."

Ana haki. Kwa mzee kama yule baridi ni ugonjwa, ni kuanguka ngazini, ni kifua kisichopona. Boila yake bado ni nzima. Imewahi kumtoa katika majira mengi ya baridi, na pampu haijamtoa hata katika moja. Mtu aliyekaa mbali akimwambia aing'oe ili dhamira ya dunia iwe safi, anamwomba alipe kwa mwili wake usafi wa mwingine. Na hapo methali nyingine inasimama kumtetea, moja iliyo kinyume kabisa na ile ya fisi: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata sihitaji kwenda Yorkshire kuielewa. Jikoni kwa mathe kuna gesi ya kilo sita mezani na jiko la makaa chini ya sinki. Chai ni ya gesi. Githeri ni ya makaa. Kwa miaka mingi watu wa miradi wamekuwa wakiingia kwenye majiko kama hayo na kalamu zao, wakishangaa kwa nini mama aliyepata jiko jipya bado ana la zamani. Wengine huandika kama kwamba mama hajaelewa. Ameelewa kuliko wao. Anajua gesi huisha tarehe 23, mshahara uko mwisho wa mwezi. Anajua bei hupanda bila kupiga hodi. Mtu anayeweza kuegemea kitu kimoja tu ni yule ambaye kitu hicho hakijawahi kumwangusha. Kwa aliye na stima isiyopotea na akaunti isiyokauka, kuacha kabisa ni uamuzi. Kwa mathe ni kamari.

Kwa hivyo nikabaki na methali mbili, zote za kweli, zikitazamana kama majirani waliogombana. Wengi wetu tukifika hapo hufanya jambo moja: tunachagua ile inayotufaa leo. Mimi nilitaka kujua kama kuna kitu kinachoweza kuzihukumu zote mbili. Na nilikipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye hesabu ya bei.

Hesabu yenyewe ni hii. Uingereza, uniti moja ya stima imekuwa ikimgharimu mtu wa kawaida karibu mara nne ya uniti moja ya gesi. Tuifanye kwa bob. Chukulia gesi ni bob 10 kwa uniti, stima ni bob 40. Pampu inayokupa uniti tatu za joto kwa kila uniti ya stima inakuuzia joto kwa bob 13 na kitu. Boila nzuri hupoteza kidogo tu ya gesi yake, kwa hivyo joto lake linakuja kama bob 11. Umeona? Pampu ni safi zaidi na ni ya ajabu zaidi, na bado boila inaishinda kwa bei. Lakini ukibadilisha rediata chache ziwe kubwa na kuziba nyufa, ili maji yasihitaji kuwa moto sana, pampu ileile inaweza kukupa uniti nne. Sasa joto lake ni bob 10. Boila imeshindwa.

Rudi sasa kwa kile kidude chenye skrini. Kidhibiti cha mseto kinaweza kuambiwa vitu tofauti. Unaweza kukiambia: tumia kila mara kilicho rahisi kwa bei. Katika nyumba ya kwanza, yenye nyufa, kitatii, na boila itanguruma karibu majira yote ya baridi huku pampu ikikaa nje ukutani kama pambo la kuonyesha majirani. Unaweza pia kukiambia: pampu iendelee hadi nje kufike nyuzi fulani, ndipo uiamshe boila. Hapo boila italala wiki nyingi na kuamka siku chache.

Nyumba ni ileile. Mashine ni zilezile mbili. Ukipiga picha hutaona tofauti. Lakini moja ni mtu anayehama polepole kwa sababu ana mgonjwa mgongoni, na nyingine ni mtu aliyenunua viatu vya safari ili apigwe picha. Tofauti yote iko kwenye nambari moja ndani ya kidude ambacho watu wengi hawatakigusa baada ya fundi kuondoka.

Niliandika aya moja ya hivyo kwenye makala ya ajensi, bila viatu vya safari. Mhariri aliitoa. Alisema wasomaji huchoka na hesabu, na kwamba neno "utapata manufaa ya pande zote mbili" linatosha. Nililipwa kwa maneno yaliyobaki. Sikumlaumu sana, maana naye ana bosi. Ila niliona jinsi mambo haya hufanyika. Hakuna aliyedanganya. Sentensi moja tu iliondolewa, na ndiyo iliyokuwa inabeba ukweli kuhusu kama kitu hiki ni kizuri au ni kiini macho.

Kuna jambo nililolipata kwenye somo la falsafa mwaka wa pili, mojawapo ya machache niliyoondoka nayo chuoni. Aristotle alifundisha kwamba fadhila hukaa kati ya kuzidi na kupungua, na watu wengi husikia hilo wakadhani anasifu nusu kwa nusu. Alilikataa hilo waziwazi. Alitoa mfano wa chakula: kama vipimo kumi ni vingi mno na viwili ni vichache mno, haimaanishi mkufunzi ampe kila mtu sita. Sita ni kidogo kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kipimo cha haki hutazama nani anakula, lini, na kwa kazi gani. Nusu kwa nusu ni hesabu ya mtu aliyechoka kufikiri.

Kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba mseto ni mzuri au mbaya. Naweza kukuambia maswali ambayo mtu mwaminifu hujiuliza, na la kwanza ni hili: kati ya vile viwili ulivyoshika, ni kipi kinachofanya kazi ukiwa hufikirii? Usiniambie unachokipenda. Niambie kile kinachowaka chenyewe asubuhi kabla hujaamka. Hicho ndicho umechagua.

La pili ni: nani analipia tahadhari yako?

Uholanzi ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Mwaka 1959 waligundua bahari ya gesi chini ya Groningen, kaskazini mwa nchi, na kuanzia miaka ya 1960 wakaunganisha karibu kila nyumba. Gesi ilikuwa joto, chakula, barabara, hospitali. Kisha ardhi ya Groningen ikaanza kutetemeka, kwa sababu ukivuta gesi mwamba hushuka. Mwaka 2012 tetemeko la kipimo cha 3.6 lilipiga kijiji cha Huizinge. Nyumba zilipasuka kuta. Uchimbaji uliendelea kwa miaka zaidi ya kumi, ukipunguzwa kidogokidogo, hadi Oktoba 2023 ulipofungwa. Mwaka huohuo kamati ya uchunguzi ya bunge ilisema kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalikuwa yamepuuzwa kwa mpangilio. Nchi nzima ilikuwa inajipa muda. Muda huo ulikuwa unalipwa na kuta za watu wa kaskazini.

Nasi pia tuna kaskazini yetu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana katika Pembe ya Afrika. Marsabit, Turkana, Wajir, Mandera: mifugo iliisha, watu waliuza walichokuwa nacho, kisha hawakuwa na cha kuuza. Mwaka 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walihesabu kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Mfugaji wa Marsabit hana boila. Hajawahi kuona rediata. Lakini yumo kwenye makala yangu ya ajensi, kwenye kila uniti ya gesi, japo hakuna anayemtaja.

Sisemi mzee wa Yorkshire ndiye aliyeua ng'ombe Marsabit. Boila moja ni tone. Lakini Uingereza ina zaidi ya nyumba milioni 20 zinazopashwa kwa gesi, na kila mmoja wao ana haki ya kusema yeye ni tone. Hapo ndipo huruma inapokuwa ngumu, maana namtaka mzee apate joto, na namtaka mfugaji apate mvua, na wote wawili hawajui kwamba wako kwenye mizani moja. Ukiniuliza nani aanze kulipa, nitasema aliye na uwezo wa kuhama kesho na hahami kwa sababu haimkeri. Mzee na aje mwisho. Tahadhari ya aliye dhaifu ni haki yake. Tahadhari ya mwenye nguvu mara nyingi ni uvivu uliovaa suti.

Na kuna wengine wanaolipa walio karibu zaidi. Mabomba ya gesi chini ya barabara yana gharama ileile yawe yanapeleka gesi kwa nyumba elfu au mia. Matajiri wakishaondoka wote, gharama itagawanywa kwa waliobaki: wapangaji, ambao landilodi ndiye huamua ukutani kuwe na nini. Kwa hivyo hata kuacha kabisa, yule mwenye dhamira safi akaondoka na ruzuku yake, kunaweza kumwachia jirani bili. Usafi nao una wa kuulipia.

Swali la tatu ni la wakati: mwisho wake ni lini? Uholanzi, tena, mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2026 anayebadilisha boila yake kuukuu atapaswa kuweka angalau pampu ya mseto. Ilikuwa njia ya katikati, lakini yenye tarehe. Mwaka 2024 vyama vilivyounda serikali mpya vikaifuta. Watu bado wanaweza kuweka wakitaka. Ukisikia "wakitaka", jua tarehe imekufa. Na daraja bila upande wa pili tuliite tu jina lake, ni kibaraza. Unakaa hapo, unapunga upepo, unatazama maji.

Tarehe si lazima iwe ya serikali. Inaweza kuwa kazi. Mwaka huu tunaziba madirisha, mwaka ujao tunabadilisha rediata mbili za sebuleni, na kila mwaka boila inaamka siku chache zaidi ya mwaka jana kwenda chini, hadi siku moja ifike mwezi wa tatu na mtu akumbuke hakuiwasha. Mseto wa aina hiyo unajichimbia kaburi lake wenyewe, na ndivyo inavyofaa.

Nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imenilemea, ofisi ilinishauri niahirishe masomo badala ya kuacha. Barua moja, muhuri, nafasi yako inakungoja. Niliahirisha. Kwa mwaka mmoja nilikuwa mtu wa mseto: mwandishi mchana, mwanafunzi kwenye makaratasi. Ulikuwa mwaka wa haki kwangu, kwa sababu mathe alihitaji muda wa kuzoea, na mimi nilihitaji kujua kama maneno yanaweza kulipa kodi. Ulipoisha sikuomba mwingine. Si kwamba chuo hakina maana. Marafiki zangu wamebaki na najivunia. Ni kwamba nilikuwa nimeshajibu lile swali la kwanza. Nilijua ni kipi kinachowaka asubuhi kabla sijafikiri. Kuendelea kuahirisha kungekuwa kumfanya mathe aendelee kuweka akiba ya karo ya mtu ambaye hayuko njiani. Yeye ndiye aliyekuwa analipia tahadhari yangu.

Nina marafiki wengi walio kwenye mseto wa aina yao. Kuna aliye na kazi asiyoipenda na biashara ya jioni. Kuna aliye na mtu na nusu ya mtu. Kuna aliyehama kanisa ila bado anatuma sadaka. Siku hizi nikiwasikia wakisutwa kwamba hawana msimamo, sikubali haraka, na wakisifiwa kwamba wana busara, pia sikubali haraka. Kutoka nje huwezi kujua. Ni lazima ufungue kidude uone nambari.

Mzee wa Anti aliwekewa pampu vuli iliyopita. Mwanawe ndiye aliyelipa, na boila ikaachwa ilipokuwa. Nilimwomba Anti anipigie picha ya kidhibiti. Alinitumia, imeinama, kidole chake kikiziba kona. Fundi alikuwa ameacha boila iamke kila nje kukishuka chini ya nyuzi 8. Nilimweleza kwamba Yorkshire, nyuzi 8 ni karibu baridi yote. Kwamba kwa nambari hiyo mzee amenunua pampu ya kutazama. Alikaa kimya kidogo.

"Sasa nikimwambia ashushe, na apate baridi, Baba, ni wewe utakuja kumfunika?"

Nilimwambia hapana, na kwamba ndiyo maana si mimi wa kuamua. Amuulize mwenye miguu.

Akamuuliza. Mzee, kumbe, alikuwa fundi wa mitambo enzi zake, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ile skrini inaamua nini. Alitaka kujua kila kitu. Walimpigia yule fundi simu, wakashusha hadi 5, wakakaa wiki mbili, Anti akimpima miguu kila asubuhi kwa mkono wake. Kisha wakashusha hadi 2. Hapo mzee akasema inatosha kwa mwaka huu. Madirisha ya nyuma yakishazibwa ataangalia tena. Amebandika karatasi kando ya kidhibiti, na kila asubuhi boila ikiwaka anaandika tarehe.